Koili ya shaba kwa juisi ya ukwaju: usimpe fundi pesa bado

"Assalaamu alaykum Maalim. Nipo Wete, Pemba. Napika juisi ya ukwaju ya kuuza, lita 40 kwa mara moja, na Ramadhani naongeza. Nachemsha yote pamoja baada ya tarawehe, nachuja kwa kitambaa, natia kwenye ndoo mbili na kuziingiza kwenye friza. Asubuhi katikati ya ndoo bado vuguvugu. Siku ya pili au ya tatu baadhi ya chupa zinatoa povu na harufu kama ya tembo la mnazi. Wateja wangu wananunua kwa kufuturia, naona haya hata kuwatazama usoni. Kijana wangu kanionesha video ya Wazungu wanaopika bia nyumbani: wana koili, yaani paipu ya shaba iliyozungushwa duara duara, wanaizamisha kwenye sufuria ya moto, maji baridi yanapita ndani yake, na baada ya nusu saa sufuria imepoa. Fundi wa friji hapa kwetu anasema atanitengenezea kwa paipu za shaba alizonazo, au nikitaka rahisi anifungie rejeta ya gari. Anasema shaba ndiyo inayopitisha joto, chuma chengine chochote ni kutupa pesa. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Je, nitengeneze? Na kwa kuwa ni kitu cha wapika pombe, kina kasoro kwangu?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umeeleza vizuri hata nimeona mambo ambayo hukuyauliza. Juisi yako haipoi upesi, juisi yako inachacha, na fundi ameshashika paipu mkononi. Wewe umeyafunga yote matatu kwa kamba moja, kwamba koili itayamaliza. Mimi nitayafungua moja moja, na naanza na la fundi kwa sababu ndilo lenye hatari.

Chukua sinia ya shaba iliyofifia, ipake ukwaju, ngoja kidogo, kisha suuza. Itang'aa. Mama zetu wamesafisha shaba kwa ukwaju na ndimu tangu zamani, nawe bila shaka umefanya. Sasa jiulize ule weusi umekwenda wapi. Haukupotea. Umeyeyuka ukaingia kwenye ukwaju, na pamoja nao shaba yenyewe kidogo. Ukwaju wa kusafishia tunaumwaga, lakini wako watu wanaufuturia matumbo yakiwa matupu. Na sinia uliipaka kwa dakika chache tu, ukwaju ukiwa baridi. Koili ya fundi wako itakaa ndani ya ukwaju unaotokota, na moto huzidisha nguvu ya ukali ule.

Basi mbona wale wa bia hawadhuriki? Kwa sababu wanachopoza si ukwaju. Wanachemsha maji ya shayiri iliyooteshwa, ambayo ukali wake ni mdogo. Ukali hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH: namba ikishuka ukali unapanda, na kila namba moja ni mara kumi. Maji yao ya shayiri yako karibu na 5.2. Ukwaju huwa chini ya 3. Hapo tofauti inapita mara mia. Tena wao baada ya kupoza hutia hamira, na hamira hunyonya sehemu ya shaba iliyomo na kuzama nayo chini. Wewe huna hamira ya kukusafishia, na hutaki kuwa nayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Ikizidi sana mtu huanza kichefuchefu, kutapika na kuumwa tumbo, na anayewahi kuona hayo ni mtoto na mfungaji aliyekunywa glasi mbili kabla ya kula chochote.

Rejeta ya gari usiikubali hata kama ni ya bure. Rejeta nyingi za zamani zimeungwa kwa lehemu yenye risasi, yaani ile metali laini yenye sumu, na ndani yake yamepita maji yenye dawa ya sumu. Marekani kuna watu waliougua baada ya kunywa pombe za magendo zilizotoneshewa kwenye rejeta: sumu ya risasi iliwaingia mwilini. Risasi haina kiwango ambacho mtu anaweza kusema ni salama, na kwa watoto hugusa akili. Paipu za friji kuukuu nazo zina mafuta ya kompresa ndani na viungo ambavyo hujui vimeungwa kwa nini. Na ukiwa bado unachemshia sufuria ya alumini, anza kuweka akiba ya sufuria ya stenlesi, maana ukwaju unaila alumini pia.

Fundi wako hakusema uongo, ila amesema nusu. Ni kweli shaba inapitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko stenlesi. Lakini joto la juisi yako halikwamishwi na ukuta wa paipu. Linakwamishwa na juisi yenyewe. Unapomimina uji kwenye bakuli, unaanza kuunywa pembeni, kwa sababu pembeni umepoa na katikati bado unachoma. Juisi iliyotulia hufanya vivyo hivyo kuizunguka koili: tabaka jembamba linalogusa paipu linapoa, linakaa palepale kama blanketi, na lililo moto nyuma yake halifiki. Paipu nyembamba ya stenlesi, yenye ukuta usiofika milimita moja, inachangia sehemu ndogo mno ya kizuizi hicho. Ukikoroga kwa upawa mrefu taratibu bila kusimama, umepata faida kubwa kuliko ile unayoipata kwa kubadilisha chuma. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakilipia chuma ghali kisha wakaiacha sufuria imetulia, wakashangaa haipoi.

Hapo hapo ndipo ilipo siri ya friza yako. Lita 40 kutoka nyuzi 95 hadi 35 zinatakiwa zitoe joto la kama kilojuli elfu kumi. Friza ya nyumbani, ikifanya kazi bila kupumzika, inahamisha joto kidogo kidogo, na kiasi hicho kingeichukua usiku mzima na zaidi hata kama ndani hamna kitu kingine. Juu ya hayo ndoo ya plastiki inazuia joto, na ndani ya ndoo hakuna anayekoroga. Wakati huo samaki na nyama iliyomo inapashwa moto na juisi yako. Friza imetengenezwa kuweka baridi kilichokwisha poa. Usiitwike kazi ya kupoza kitu kinachofuka moshi.

Sasa la kuchacha, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Umeandika: nachemsha, nachuja kwa kitambaa, natia ndoo. Dada yangu, tatizo lako kubwa huenda liko kwenye mpangilio huo, kabla hatujafika kwenye koili. Kuchemsha kunaua hamira za porini zilizokuja na ukwaju. Ukichuja baada ya hapo, unaipitisha juisi safi kwenye kitambaa, kwenye mikono na kwenye hewa ya jikoni, na hamira zinarudi. Hamira hazijali ukali wa ukwaju. Zinakula sukari, zinatoa gesi, ndiyo povu lile, na zinatoa kilevi, ndiyo harufu ile ya tembo. Vijidudu vingi vinavyooza maziwa au mchuzi haviwezi kukua kwenye ukali wa ukwaju, ndiyo maana juisi yako hainuki vibaya kama mchuzi uliolala. Lakini hamira zimepata nyumba: sukari ipo, uvuguvugu wa usiku kucha upo.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Roweka, kamua, chuja kwanza. Kisha ndipo uchemshe juisi iliyokwisha chujwa, pamoja na sukari, tangawizi na iliki zako, itokote vizuri. Kuanzia inapotoka motoni, kila kinachoigusa kiwe kimepita kwenye maji yanayotokota: upawa, faneli, ndoo, mfuniko. Chupa za maji zilizookotwa na kusuuzwa haziwezi kuchemshwa, zinajikunja, na ndani ya shingo yake hubaki uchafu usiouona, kwa hiyo nunua mpya. Barafu isiingie ndani ya juisi kabisa isipokuwa umeigandisha mwenyewe kwa maji uliyochemsha. Na usidhani ukali wa ukwaju utasafisha maji machafu yaliyoongezwa baadaye. Hausafishi. Chupa iliyokwisha anza kutoa povu imwage, usiirudishe jikoni, kwa sababu ukichemsha utaua hamira lakini harufu na ladha zimeshaharibika, na mteja mmoja akigundua umepoteza kumi.

Ukinisikiliza hadi hapa, nina jambo la kukujaribisha kabla hujatumia hata shilingi. Mbona unachemsha lita 40 zote? Pika nzito: lita 15 zenye ukwaju wote na sukari yote. Siku moja kabla, chemsha lita 25 za maji matupu, yaache yapoe ndani ya vyombo vilivyofunikwa, kisha yaingize friza au friji mpaka yawe baridi hasa, kama nyuzi 5. Usiku wa kupika, changanya. Lita 15 za nyuzi 95 na lita 25 za nyuzi 5 zinakutana karibu na nyuzi 39, papo hapo, kwa kumimina tu. Hata kama umeme ulikatika na maji yako yamebaki kwenye joto la kawaida la nyumba, nyuzi 28 hivi, mchanganyiko utakuwa karibu na 53, nawe umeshavuka zaidi ya nusu ya safari. Maji yale ni lazima yawe yamechemshwa na kufunikwa, maana ndiyo zaidi ya nusu ya juisi. Nakushauri ujaribu njia hii kwa wiki mbili. Wapishi wengi wa kiwango chako hawahitaji zaidi ya hapo.

Baada ya kuchanganya, jaza chupa, zifunge, uzitie kwenye pipa la maji yenye barafu. Kwa kuwa chupa imefungwa, barafu yoyote inafaa, ila ipanguse shingo kabla ya kufungua. Kutoka nyuzi 35 kwenda 10, lita 40 zinataka kama kilo 11 za barafu. Ungetaka barafu hiyo hiyo ifanye na kazi ya mwanzo, kutoka kwenye moto, ungeongeza kilo ishirini na kitu. Maji yafanye kazi ya joto kubwa, barafu uiweke kwa ajili ya mwisho.

Kama una chupa za gilasi zenye vifuniko vipya, kuna njia nyengine: jaza juisi ikiwa bado nyuzi 85, funga, ilaze chupa ubavu kwa dakika chache ili moto uguse kifuniko, kisha iache ipoe ikiwa imefungwa. Hapo hamira hazina mlango. Chupa za plastiki za kawaida haziwezi moto huo.

Koili, basi. Biashara ikikua, ukapika mara mbili kwa siku na friza haitoshi kwa maji ya kuchanganya, koili itakuwa na maana. Iwe ya stenlesi, mita 10 za paipu laini yenye upana wa karibu sentimita moja, isiyo na kiungo hata kimoja katika sehemu inayozama. Fundi ataijaza mchanga mkavu laini, azibe ncha zote mbili, aizungushe kwenye mtungi mdogo wa gesi, ili paipu isikunjike ikaziba. Mchanga akaukung'ute, kisha apitishe maji mengi. Ncha mbili zipande juu na kutoka nje ya ukingo wa sufuria, na mpira ufungwe kwa klipu huko nje, ili kiungo kikidondoka kidondokee sakafuni na si kwenye juisi. Maji yapite ndani ya paipu, juisi ibaki nje. Kuna wanaofanya kinyume, juisi ipite ndani ya koili iliyo kwenye barafu, na wapo wapika bia wanaotia paipu ndani ya paipu nyengine, vimiminika viwili vikipishana kwa kuelekeana. Ya pili hiyo inapoza kwa maji machache kabisa, kwa sababu kila mahali juisi inakutana na maji yaliyo baridi kuliko yenyewe. Lakini nyama ya ukwaju itang'ang'ania ndani ambamo hutii jicho wala brashi, na kesho yake ukapitisha juisi mpya juu ya uchafu wa jana. Kwa ukwaju sikushauri. Koili ya kuzamisha unaiona yote, unaisugua yote.

Izamishe ikiwa tupu, dakika 10 kabla ya kuzima moto, ili nayo ichemke. Ukiwa umebakisha maji ndani yake yatageuka mvuke na kuruka kwenye ncha ya mpira, basi ziache ncha wazi, uzielekeze mbali na watu, na watoto watoke jikoni. Zima moto, fungulia mfereji, koroga. Utafika nyuzi 35 baada ya nusu saa au dakika arubaini. Chini ya joto la maji yako haitashuka hata ukoroge mpaka alfajiri, kwa sababu joto huhama tu panapokuwa na tofauti. Wale wa kwenye video maji yao ya bomba huwa ya baridi, na nchi zao zina majira ya baridi. Yetu ni nyuzi 27 au 28 yakitoka kisimani, na yakikaa kwenye tangi la juu ya paa mchana kutwa ni moto zaidi. Usiku unaopika wewe ni bora kuliko alasiri.

Maji yatakayopita ni lita 100 hadi 150, na kwa mtaa ambao mfereji unatoka kwa zamu hilo si dogo. Ukiwa na pipa la lita 200 na pampu ndogo ukazungusha maji yale yale, pipa na sufuria vitakutana karibu na nyuzi 39 na kubaki hapo. Afadhali ndoo za mwanzo, zinazotoka za moto, uzikinge pembeni kwa kuoshea vyombo, na yanayofuata yakishakuwa vuguvugu tu ndipo uyarudishe pipani. Pampu ikiwa ya umeme, muite fundi umeme aweke kinga ya kukata umeme unapovuja. Sakafu yenye maji, mikono yenye maji na waya havikai pamoja.

Kuhusu kuwa ni kitu cha wapika pombe: hukumu ni ya shekhe wako, lakini kwa upande wa ufundi naweza kukwambia kuwa viwanda vya maziwa hupoza maziwa kwa kanuni hiyo hiyo ya baridi kupita upande mmoja wa chuma na moto upande wa pili. Koili haiifanyi juisi kuwa kilevi. Kinachoifanya hivyo ni hamira na uvuguvugu, ndivyo tunavyovifukuza.

Wa kuonana nao uso kwa uso ni wawili. Kwa kukunja na kuunga stenlesi ulizia mafundi wanaotengeneza meza na masinki ya jikoni za hoteli, au fika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji uulize nani ana mkono mzuri. Na kabla ya kubandika lebo au kupeleka chupa madukani, nenda Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, wakupimie ukali wa juisi na wakuangalie jiko. Akitokea mteja ametapika au ameharisha baada ya kunywa, mwambie aende hospitali, na wewe usimamishe kuuza mpaka ujue chanzo.

Imebaki chumvi ya kisima chako. Stenlesi haishiki kutu kama chuma cha kawaida, lakini chumvi inaitoboa vitundu vidogo kama ncha ya sindano, hasa maji yakiachwa yamelala ndani na paipu ikiwa ya moto. Ile ya kawaida huitwa namba 304. Kama chumvi unaihisi ulimini, uliza namba 316, ni ghali zaidi lakini inavumilia. Kila ukimaliza pitisha maji ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi, puliza yatoke, itundike ikauke. Na kila mwezi ziba ncha moja, izamishe koili yote kwenye karai la maji, pampu hewa kwa pampu ya baiskeli kwenye ncha ya pili. Ukiona povu hata moja linapanda kutoka kwenye paipu, koili hiyo isirudi tena kwenye juisi, kwa sababu mahali inapotoka hewa ndipo yatakapoingia maji mabichi ya kisima.